Kimanda Hakilali Kwenye Friji

Kila kitu kiliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa ya mwezi wa nne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa hiyo fundi wa mafriji, ambaye mji mzima ulimwita Baridi, alikuwa anavuka barabara na maua ya njano mkononi, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mbele yake, mlangoni mwa duka la Mhispania, Bwana Afya wa baraza la mji alikuwa anabandika utepe mwekundu. Aliubandika taratibu, anaulaza kwa kidole gumba, kama mtu anayefunga zawadi.

"Kuna nini hapo, mkubwa?" Baridi akauliza.

"Wewe tena unaniuliza?" Bwana Afya akacheka. "Si wewe uliyetuandikia?"

Mhispania alikuwa amesimama pembeni, aproni bado kiunoni, kitambaa cha kijani kichwani. Akamtazama Baridi, akayatazama maua. Bora angemtukana.

Mwanamke huyo hakuwa Mhispania hata kidogo. Alizaliwa mitaa mitatu tu kutoka hapo. Ila alikwenda Hispania akiwa msichana, akapika kwenye majiko ya baa za kule miaka kumi na moja, akarudi kumzika mama yake, na mji ambao hauachi mtu bila jina ukampa hilo.

Walikutana mwaka uliopita kwenye soko la samaki, asubuhi ya vurugu, watu wanasukumana na maji yanatiririka sakafuni. Baridi alikuwa amelala chali chini ya mashine ya chumba cha barafu, miguu tu ndiyo inaonekana. Akaona viatu vya mpira vyekundu vimesimama karibu na sikio lake.

"Wewe wa chini huko! Hawa samaki wameganda kweli, au wamepigwa baridi ya kuazima?"

"Wameganda, dada. Hasi ishirini."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Basi bado. Nitawafuata kesho kutwa."

Baridi akajivuta nje, uso umejaa grisi. Katika maisha yake hakuwahi kukutana na mwanamke anayeuliza nyuzi za baridi. "Unataka kuwafanya nini, mbona masharti kama mganga?"

"Nawalaza kwenye siki, wanaliwa bila kuguswa na moto. Sasa wasipoganda sawasawa, minyoo yao inahamia kwako." Akamtazama toka juu hadi chini. "Ingawa wewe naona hata minyoo ingekuogopa."

Baridi akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Miaka sita alikuwa hajacheka hivyo. Mkewe alifia kwenye wodi ambayo jenereta lake lilikuwa zima, lakini limefungiwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye kikao. Tangu siku hiyo Baridi hakumwamini mtu yeyote mwenye meza.

Alijaribu kumfurahisha Mhispania kwa njia anayoijua mwanamume. Kulikuwa na hoteli moja tu mjini iliyoandika tapas kwenye ubao wake, kwa maandishi ya dhahabu. Akampeleka. Mhispania alivaa gauni jeusi lenye mgongo wazi, hereni nyekundu zinacheza shingoni. Wakaletewa visahani vitatu: viazi vilivyomwagiwa tomato, soseji mbili zimechomwa vijiti, na zeituni tano zilizosinyaa.

Mhispania alionja kimoja, akaweka uma chini. "Mpenzi, hili ni tusi limewekwa kwenye kisahani."

"Tapas zenyewe ni nini basi? Mbona chakula cha kitoto?"

"Ni chakula cha watu wasiotaka kuachana. Unakula kidogo, unaongea. Unaagiza kingine, unaongea tena. Mwenye haraka anakula sahani kubwa."

"Na mjini hapa nitazipata wapi?"

"Jikoni kwangu. Kama utanitengenezea friza."

Hivyo ndivyo duka lilivyozaliwa. Meza tano, kaunta ya mbao, na harufu ya kitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni inayowavuta wapita njia kwa pua. Uduvi walifika mezani bado wanachemka. Pweza alikatwa vipande vyembamba, juu yake unga mwekundu wa pilipili isiyowasha. Na katikati ya kaunta, kila siku, kimanda cha viazi kinene kama mto wa kulalia, kimefunikwa kawa ya waya.

Baridi hakuweza kuvumilia. "Mayai hayo yanakaa nje? Mimi nikiwa hai?"

"Kimanda hakilali kwenye friji. Ukikilaza kinakufa ladha. Kinapikwa asubuhi, kinaisha mchana, hakisubiri kesho. Na usikiguse!"

Simu zao zilikuwa kichekesho cha mtaa.

"Baridi, friza yako inanung'unika."

"Inanung'unika yenyewe, au mwenyewe?"

"Njoo usikilize wote wawili."

Lakini penzi lilikuwa na tarehe. Kibali cha Mhispania cha kuishi kule Hispania kingekufa asiporudi kabla ya mwezi wa nne kwisha, na kikifa hapati kingine. Jioni moja, anamenya viazi, akamwambia bila kuinua macho: "Duka likisimama mpaka mwezi huo, nakiacha kife. Nabaki na wewe. Likianguka, nitarudi kuosha vyombo vya watu."

"Halianguki," akasema Baridi. "Mimi nipo."

Alikuwepo kweli, na hapo ndipo balaa lilipotokea. Baraza la mji lilikuwa na kadi yake, inaitwa kadi ya baridi. Kila fundi anayehudumia friji za chakula lazima aijaze mwenyewe na kuisaini. Wenzake waliijaza nyumbani bila kufika dukani, wanatia Ndiyo kila kisanduku kama mtu anayepanda mahindi. Baridi hakuwa mtu wa hivyo. Shule aliishia darasa la tano, na labda ndiyo sababu aliheshimu kalamu kupita kiasi. Swali la nne lilisema: Je, chakula chote kilichopikwa kimo ndani ya friji? Akatia alama kwenye Hapana. Kisha akageuza kadi, akaandika nyuma kwa herufi za kukwaruza, mistari tisa, akieleza habari za kimanda: kwamba kinapikwa asubuhi na kinaisha mchana, kwamba yeye mwenyewe amekipima kwa kipimajoto siku kumi mfululizo, kwamba duka hili ni safi kuliko hospitali yao. Akasaini kwa fahari. Alijua amemtetea.

Huko ofisini kadi hupigwa kopi upande wa mbele tu. Mgongo wa kadi hakuna anayeusoma. Bwana Mkuu, anayekaa juu ya Bwana Afya, aliletewa kopi, akaona Hapana, akagonga muhuri.

Duka likifungwa, na umeme unakatwa. Ndiyo sheria yao. Baridi aliwasihi wamwachie waya mmoja tu wa friza, hata kwa masaa mawili.

"Fundi," Bwana Afya akamjibu kwa upole, "ukitaka kulia, lia upande ule, usilowanishe utepe."

Siku ya tatu ngisi walianza kuoza. Siku ya tano harufu ilikuwa imefika kwa fundi viatu, nyumba ya nne. Watu waliokuwa wanajipanga kwa uduvi sasa walipita wameziba pua, wanaambiana, "Mnaona? Si bure walifunga." Friza ilizimwa na serikali, uvundo akapewa mwanamke.

Baridi alipiga simu mara kumi na saba. Ya kumi na nane ikapokelewa na mama mkubwa wa Mhispania, bibi mwenye ulimi wa wembe.

"Unataka nini tena, mwandishi?"

"Shikamoo, mama mkubwa. Naomba niongee naye."

"Marahaba. Ameona kopi. Ameona saini yako na mkia wake mrefu kama wa panya. Anasema kikulacho ki nguoni mwako."

"Mama, nyuma ya kadi nimeandika..."

"Mwanangu, sikiliza. Mwanamume wa kupenda ni yule asiyejua kuandika kabisa. Nyie mnaojua nusu ndio mnaoua." Simu ikakatwa.

Akaenda ofisini kutafuta mgongo wa kadi yake. Dirisha la kwanza walimtuma la tatu. La tatu walisema njoo kesho. Kesho yake walisema kadi halisi zinafungiwa kwa Bwana Mkuu, na Bwana Mkuu amesafiri. Kiti hakichomi makalio ya anayekikalia, ndiyo maana haamki.

"Amesafiri wapi?"

"Ziara ya mafunzo. Usalama wa chakula kwenye vibanda vidogo."

"Nchi gani?"

Karani akaonyesha ubao wa matangazo kwa kidole. Hapo palikuwa na picha mpya. Bwana Mkuu na wenzake wanne, miwani ya jua, matumbo mbele, wamesimama kwenye kaunta ya baa huko Hispania. Mbele yao, bila kawa wala kifuniko, kimanda cha viazi kinene kama mto wa kulalia. Bwana Mkuu alikuwa ameshakichoma kipande kwa kijiti, mdomo wazi.

Baridi alisimama mbele ya picha ile mpaka mlinzi akamwambia asogee.

Aliyemwokoa alikuwa mama wa kufagia. Tarehe ishirini na saba alifungua chumba cha Bwana Mkuu kupiga deki, akaacha mlango wazi, akasema, "Mimi sijakuona. Na droo ya chini haina kufuli."

Mchana huo huo Baridi alifika kwa mama mkubwa, jasho limemlowesha. Mhispania alikuwa sebuleni, sanduku limefunguliwa, viatu vya mpira vyekundu vimewekwa juu kabisa. Alikuwa amekonda. Baridi hakusalimia, akampa kadi akiwa ameigeuza mgongo juu.

Alisoma mistari yote tisa. Alipofika kwenye "safi kuliko hospitali yao" akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akakipiga ngumi mbili kifua cha Baridi kisha akakiegemea.

"Mpumbavu wewe. Mpumbavu wangu. Ungetia Ndiyo tu!"

"Ingekuwa uongo."

"Wangapi wanaishi kwa uongo na maduka yao yako wazi?"

Baridi akasema lile alilokwenda nalo siku ya maua: "Nataka kukuoa."

Mama mkubwa, mlangoni, akashika shavu. Mhispania akamfuta Baridi jasho kwa kitambaa chake cha kijani.

"Ndege yangu ni kesho asubuhi."

"Iache."

"Nimekusamehe, mpenzi. Tena toka moyoni. Ila nikibaki sitakuwa nakaa kwako, nitakuwa nakaa kwao. Leo kimanda, kesho watasema mlango uko upande mbaya."

"Basi nikufuate."

"Kwa karatasi gani?" Aliuliza taratibu, lakini swali liliingia kama kisu. "Wakifungua duka, nipigie. Sijaahidi kitu. Nipigie tu."

Asubuhi yake alipaa.

Bwana Mkuu alirejea tarehe sita ya mwezi wa tano, amenenepa. Akamwita Baridi ofisini, akamkalisha, akamwambia kwa uso mkunjufu: "Kule tumejifunza mengi, fundi. Kumbe kile kimanda kinaruhusiwa kukaa nje! Tumeondoa zuio." Hakuomba radhi. Alimsukumia kadi mpya. "Ijaze leo hii, isipojazwa leo tunampa mtu mwingine kile chumba cha duka, maana ni cha baraza."

Baridi akabandua utepe kwa kucha zake. Alisugua friza kwa siki mpaka vidole vikachubuka. Saa tisa umeme ukarudi, mashine ikaanza kuunguruma, inagandisha hewa tupu. Akakaa kwenye kaunta, akapiga simu.

Ilipokelewa katikati ya mlio wa visahani na wanaume wanaopiga kelele za kuagiza.

"Baridi! Nina mikono miwili tu mpenzi, sema upesi."

"Wamefungua."

Visahani vikasikika mbali, kama mtu aliyetoka akafunga mlango nyuma yake. Sasa Baridi alisikia pumzi ya Mhispania tu.

"Kuna kadi," akaendelea, peni mkononi. "Ina swali moja tu, na mgongo wake wamechapa matangazo, hakuna pa kuandika. Nikusomee?"

"Nisomee."

"Je, mmiliki ataendelea na biashara katika chumba hiki? Ndiyo. Hapana."

Pumzi ikaja, ikaenda. Nyuma ya Baridi, kwenye friza, barafu ya kwanza ilianza kupasuka-pasuka. Nje Bwana Afya alikuwa amesimama barabarani anatazama saa yake.

"Mpenzi, uko hapo? Nitie wapi?"