Kamba Haikurushwa

"Mama yenu hajui lolote! Tukifika gatini leo mtamchukua. Na sitaki maneno mengi, mmesikia?"

Mzee Dizeli alidhani ananong'ona. Mtu aliyezeekea kwenye chumba cha injini ya kivuko hajui tena kunong'ona. Akijitahidi sana, anasikika mtaa wa pili. Alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, boti ikinguruma, na aliamini kabisa kwamba ule mngurumo unamfichia siri yake.

Mkewe alikuwa amekaa mbele ya boti anamenya viazi. Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

Kumbe ni kweli, Mama Kamba akawaza. Ameniuza mchana kweupe.

Walikuwa na wiki nzima majini, wakiufuata mkondo wa bahari unaopita kati ya bara na visiwa vidogo, leo wanalala ghuba hii, kesho ile, hakuna anayewakimbiza. Boti ilikuwa kuukuu, mzee aliifufua mwenyewe uani kwao baada ya kustaafu. Miaka yote ya kazi walikuwa wakiuvuka mkondo huohuo, ng'ambo na kurudi, ng'ambo na kurudi, bila kujua unaelekea wapi. Yeye mzee chini kwenye injini, yeye mama juu na kamba za kukifunga kivuko gatini. Alikuwa mwanamke wa kwanza kurusha kamba pale. Siku ya kwanza wanaume walicheka. Siku ya pili walinyamaza.

Kwa sababu ya kelele za injini, wale wawili walizungumza kwa mikono kupitia dirisha la juu la chumba cha injini. Ngumi hewani: zima. Kiganja kikisukuma mbele: moto wote. Hata posa ilipita dirisha hilohilo. Kijana wa injini alitoa kichwa kilichojaa masizi, akainua ngumi, akasukuma kiganja, kisha akafungua mikono yote miwili kuuliza: lipi? Msichana wa kamba akasukuma kiganja mbele, abiria wote wakiona.

Na leo huyohuyo wa masizi anataka kumkabidhi gatini!

Mama Kamba aliweka kisu chini. Akajikongoja mpaka nyuma kwa magoti yake yanayolalamika, akasimama mbele ya mumewe, akainua ngumi juu.

Mkono wa mzee ukazima injini kabla kichwa hakijauliza kwa nini.

"Nani anachukuliwa gatini?"

"Nani?"

"Usijifanye hujasikia! Hilo la uziwi leo halikusaidii."

Mzee akaitazama simu yake kama imemsaliti. "Umesikia?"

"Hata samaki wamesikia. Kwa hiyo mimi gunia la mkaa? Nashushwa, nasainiwa, wewe unakwenda zako?"

"Basi vizuri!" Mzee naye akapandwa na hasira. "Afadhali tuyaseme. Wiki nzima nangoja uniambie kwa mdomo wako, unanimenyea viazi tu!"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umenichoka! Kwamba unakwenda kukaa kwa binti yako!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyekubali kwenda kukaa kwa mwanao. Unataka utulivu, si ndiyo? Haya, kausome utulivu wako hapa."

Akamtupia simu yake. Mzee akahangaika kutafuta miwani, ikawa iko kichwani. Ujumbe ulikuwa wa kitinda mimba wao, binti aliyejifungua juzi juzi:

"Mama, baba amekubali kuhamia kwa kaka. Anasema amechoka, anataka kutulia. Wewe utakuja kwangu kunisaidia mtoto. Tafadhali usimuulize, ataona haya."

Mzee alisoma mara mbili. Mdomo ukabaki wazi. Akafungua simu yake mwenyewe na kumpa mkewe. Huu ulitoka kwa kifungua mimba, meneja wa ghala, aliyezoea kupanga mizigo:

"Baba, mama ameamua kwenda kulea mjukuu. Anaogopa kukuambia. Usimzuie tafadhali, mwache aende kwa amani. Chumba chako kwangu kiko tayari."

Boti ikawa inayumba polepole, haina wa kuiongoza.

"Wamekula njama," akasema Mama Kamba. "Wamekaa kitako hawa wawili, wakatugawana kama vyombo."

"Ujanja huu wameutoa wapi?"

"Si kwako! Mtoto umleavyo." Kisha akamrudishia simu yake. "Na wewe ukakubali tu? Hata swali hukuuliza?"

"Ningeuliza nini? Nikunyime mjukuu? Nilisema nisikuonyeshe kwamba najua, nikupe safari nzuri, halafu nikukabidhi bila kulia. Nimejifunza kutolia tangu Jumatatu."

"Ndiyo maana ukawa mpole hivyo! Unanipa mto wako, unanipa samaki mkubwa. Nikajua tu, huyu anaaga."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilikuwa na hasira! Nikasema mpaka afungue mdomo mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ningekufa huko, Dizeli. Sio kwa ugonjwa. Kwa kukosa mtu wa kumpigia kelele."

"Mimi silali mahali ambapo wewe hukoromi."

"Mimi sikoromi!"

"Unajuaje? Mimi kiziwi nasikia."

Mama Kamba alimpiga kofi la begani, kisha akakiacha kiganja palepale. Wakakaa hivyo kidogo, wazee wawili wajinga, wiki nzima wameagana kimyakimya kumbe hakuna aliyetaka kuondoka.

Kisha mama akampigia binti simu, sauti juu ili mzee naye apate.

"Mama! Mmefika wapi? Tumeshawaandalia kila kitu."

"Nani alikuambia baba yako amenichoka?"

Binti akajikohoza.

"Nakuuliza wewe uliyenyonya kwangu."

"Mama... tulifanya kwa wema. Mngeulizwa msingekubali."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Baba hasikii, wewe magoti. Mkikaa peke yenu nani atamwangalia nani?"

"Yeye ana magoti, mimi nina masikio. Ukitujumlisha unapata mtu mmoja mzima. Ukitutenga unapata vilema wawili, kila nyumba wa kwake. Hiyo ndiyo hesabu yenu?"

"Mama, mtoto ananisumbua, silali..." Binti akaanza kulia, na kilio kile kilikuwa cha kweli.

Mama Kamba akavuta pumzi. "Hilo ungeliniambia hivyohivyo, ningekuja na baba yako tukakubebea. Uongo ndio umeniuma."

"Njooni basi tuongee. Tuko gatini."

"Tunakuja."

Mzee akawasha injini.

Gati lilikuwa limejaa watu wanaopakua mizigo. Kifungua mimba alisimama ukingoni, mikono mbele, tayari kudaka. Nyuma yake magari mawili, milango wazi: moja la mama, moja la baba. Binti alikuwa pembeni, mtoto kifuani.

Mama Kamba alisimama mbele ya boti, kamba mkononi, kama alivyosimama maisha yake yote ya kazi. Mzee akapunguza mwendo.

"Mama, rusha kamba!"

"Leo hairushwi!"

"Mama, acha masihara, watu wanatuangalia!"

"Waangalie! Mlikuwa mnanigawa kwa siri, mimi nakataa hadharani!"

Akaiweka kamba chini. Akainama, akaokota kifurushi cha nguo za mtoto alizozifuma usiku na mchana kabla ya safari, akakipima uzito mkononi, akakirusha. Mkono ule ulikuwa haujasahau. Kifurushi kilimgonga meneja kifuani, akakikumbatia akipepesuka.

"Hizo za mjukuu wangu! Tukigeuza tutapita kwake, wote wawili, tukae mpaka mama yake alale usingizi wa kueleweka. Wote wawili, au hakuna!"

"Lakini nyumba yenu imeshapata mpangaji!" kijana akapiga kelele. "Anahamia wiki ijayo!"

"Mkaribishe kwako! Chumba si kiko tayari?"

Wapagazi walicheka. Binti naye, machozi yakiwa bado usoni, akashindwa kujizuia, akauinua mkono mdogo wa mtoto na kuwapungia.

"Sasa mnakwenda wapi?" akauliza kaka mtu, sauti imeshuka.

Mama Kamba akampungia mjukuu wake. Aligeuka nyuma. Mzee Dizeli alikuwa anamtazama kupitia kioo. Akainua ngumi. Akasukuma kiganja. Kisha akaachia usukani na kufungua mikono yote miwili: lipi?

Mama Kamba akasukuma kiganja mbele.

Injini ikaitikia, maji meupe yakachemka nyuma, gati likaanza kurudi nyuma na magari yake yenye milango wazi. Mama Kamba akajikongoja mpaka kwenye usukani, akaegemea bega la mumewe. Mzee akainama sikioni mwake, akamnong'oneza kwamba anampenda.

Gati zima likasikia.