Seva Iliyozimwa Ikaendelea Kujibu

Waliofanya naye kazi watakuambia ilikuwa siku ya kawaida kabisa, na kwa mara moja katika maisha yao hawatii chumvi. Jua lilikuwa kali. Feni ya ofisi yao hospitalini ilikuwa inazunguka kwa kulalamika. Fundi, kama wote walivyomwita ingawa shahada yake ilikuwa ya kompyuta na si ya mabomba, alikuwa anatafuna karanga huku akisubiri mdogo wake apelekwe chumba cha upasuaji, ghorofa mbili juu ya kichwa chake.

Programu iliyoiendesha hospitali hiyo aliiandika yeye, kwa PHP, lugha ya kompyuta. Kazi ya kutumwa aliikabidhi cURL, ile maktaba ya programu isiyojua mambo mengi: kwenda kwenye seva nyingine mtandaoni, kubisha hodi, kupokea data na kurudi nayo. Mchana kutwa cURL ilikwenda seva kuu, ng'ambo ya mji, ikarudi na hali ya kila mgonjwa. Wodi ziliamini hali hizo kuliko macho yao wenyewe. Kompyuta ikisema mgonjwa ametoka, kitanda kinatandikwa. Ikisema amefariki, jina linafutwa kwenye zamu ya upasuaji, dawa zinasimama, na mtu wa mochwari anapanda na kitoroli.

Siku hiyo cURL iligoma. Cheti cha seva kuu, kitambulisho chake cha mtandaoni, kilikuwa kimeisha muda, na cURL ikionyeshwa cheti kibovu haiingii hata uipigie magoti.

"Si uzime hiyo ya kukagua vyeti?" alisema mkuu wa kitengo, bwana aliyependa kuitwa Daktari kwa shahada ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi, na hapo ni hospitalini, ambako mazoea kama hayo yanaweza kuua mtu. "Neno moja tu. Toa 'true', weka 'false'. Dunia nzima inafanya."

"Dunia nzima inafanya mengi, bosi. Nikizima, itamwamini yeyote atakayejibu."

"Nani mwingine atajibu, mama? Majini?" Akacheka peke yake.

Simu za wodi zilikuwa hazikatiki. Fundi akaliandika neno hilo, kwa mkono wake mwenyewe, ili zamu ya mdogo wake isikwame. Data ikamiminika. Haraka kuliko siku zote.

Nesi wa juu akapiga. "Fundi, nyie watu mna nini? Mmemuua babu wa kitanda cha dirishani. Yupo hapa anakunywa chai, ananiuliza kama marehemu analipia kitanda."

Wakacheka wote wawili. Fundi akasahihisha rekodi. Kabla hajakata simu akasikia kikombe kikivunjika sakafuni.

"Babu amekata roho," nesi alisema, bila kucheka tena.

Halafu ikaja rekodi ya mama wa kitanda cha mlangoni. Amefariki. Safari hii Fundi ndiye aliyepiga.

"Mzima kabisa," nesi alisema. "Anasuka nywele." Kitana kikasikika kikianguka. Kisha nesi akaanza kulia taratibu, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye karibu naye.

Fundi akapiga simu seva kuu. Mtunza seva akapokea, mdomo umejaa chakula.

"Rekodi zenu zina wazimu," Fundi alisema.

"Rekodi zipi? Seva tumeizima tangu mchana, tunaweka cheti kipya. Waya nimechomoa mwenyewe, ipo miguuni kwangu hapa." Akaacha kutafuna. "Dada, nani anakujibu?"

Fundi akageukia skrini. Jina la mdogo wake, majina yote matatu. Amefariki, saa kumi jioni.

Saa kumi ilikuwa bado haijafika.

Usidhani hakuogopa. Lakini alivuta kiti mbele. Akaiamuru cURL isimulie mazungumzo yake yote na huyo anayejibu. Mistari ikashuka. Cheti kilikuwepo. Kimetolewa kwa seva kuu. Kimesainiwa na mwenye cheti mwenyewe.

"Umejipa mwenyewe," Fundi aliinong'oneza skrini. "Kama bosi wangu."

Akarudisha 'true'. Akahifadhi. Akafungua faili tena.

'False'.

Akarudisha. 'False'.

Akarudisha. Chini ya mstari wake pakaota mstari ambao hakuuandika: *usiulize*.

"Acha, mama," mkuu alinong'ona, mgongo wake ukutani. "Usiichokoze."

"Nimeiingiza mimi. Naitoa mimi."

Akafuta programu yote. Usiku wote aliokesha akiiandika, macho yake yote, akafuta. Akaandika upya mistari michache, akaiacha cURL kama ilivyozaliwa: mkaguzi asiye na rafiki. Akaiendesha.

Skrini ikaganda. Feni ikasimama.

Kisha cURL ikajibu, kavu kama karani anayesubiri kufunga ofisi: cheti hakiaminiki, muunganisho umekatwa.

Simu ikaita. Ni nesi, kwa kunong'ona.

"Fundi. Zamu ya mdogo wako imeshafutwa. Na kuna mtu amekuja na kitoroli. Kasimama kando ya kitanda chake. Anasema ametumwa na kompyuta."

"Ni nani?"

"Ana sare yetu."

"Sikuulizi kavaa nini. Muombe kitambulisho."

"Anasema tusimuulize."

"Ndiyo maana unamuuliza! Mdogo wangu anapumua?"

"Anapumua."

"Basi simama mbele ya kitanda, dada yangu. Kama sauti haitoki, niweke kwenye spika."

Spika ikabofywa. Fundi akasimama, kana kwamba huko juu wanamwona.

"Wewe! Kitambulisho. Kilichotolewa na mwingine, siyo wewe. Huna? Toka. Huyo ni mtoto wa mama yangu."

Magurudumu yalisikika, polepole, yakiifuata simu. Yakakaribia. Yakasimama.

"Kitambulisho," Fundi akasema.

"Hayupo," nesi alisema. "Kitoroli kipo. Yeye hayupo."

Mdogo mtu alipasuliwa jioni hiyohiyo, akapona, na sasa ana mdomo kuliko zamani. Mkuu alitaka kumpa Fundi onyo kwa kufuta programu bila kibali. Fundi akamwambia alete kwanza cheti chake cha udaktari, na habari ikaishia hapo.

Ila mgonjwa alipotolewa chumba cha upasuaji, kifundoni alikuwa na ukanda wa karatasi, ule wanaofungwa maiti, wenye jina lake na saa kumi jioni. Wapasuaji waliapa hakuingia nao. Fundi aliukata kwa mkasi. Chini yake ngozi ilikuwa baridi, duara kamili kuzunguka mguu, na kwa muda mrefu haikupata joto, hata ndani ya maji ya moto.

"Nina friji yangu," mdogo wake huwatania wageni.

Wiki iliyopita Fundi alikwenda kumtembelea, akapapasa kifundo bila kuomba ruhusa. Baridi haikuwepo. Akaikuta juu zaidi, imeelekea gotini.

Akaikamata kwa viganja vyote viwili, akaisukuma chini.

Ikashuka.