Simu ya Saa Tisa

Haya yalimpata mama mdogo wangu, na mtu akiniambia ni stori za vijiweni nitamnunia wiki nzima.

Alikuwa mkaguzi wa usalama. Alikaa ofisini nchi kavu, ghorofa ya nne, akifuatilia kwenye skrini mtambo unaochimba gesi katikati ya bahari. Jumapili alibaki yeye na kiyoyozi. Kila saa, mpimaji wa kule mtamboni alichovya fimbo kwenye tangi la tope linalorudi kutoka kisimani, akampigia kumsomea kipimo. Tope likipanda, ujue gesi inasukuma kutoka chini, na juu yake wapo watu sitini. Kipimo cha fimbo kikipishana na cha skrini, mama mdogo aliruhusiwa kuamuru kisima kifungwe.

Miaka sita walisemezana hivyo bila kuonana sura, mama mdogo mjane, mpimaji kapera.

"Umekula, dada?"

"Nimekula, kaka. Wewe samaki hawajakumaliza tu?"

Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote, na aliyapenda.

Jumapili ile, saa nane mchana, simu haikulia. Akajisemea, huyu leo kabanwa. Akanakili namba ya skrini daftarini, akatia saini. Sheria ilimtaka apige kuuliza. Hakupiga.

Saa tisa ikalia.

"Mia na tisini," kaka akasema, kwa sauti ya chini mno.

Skrini ilionyesha mia na arobaini.

"Rudia, kaka."

"Mia na tisini. Funga, dada."

Akikosea, kazi hana. Akichelewa, watu hawapo. Akachukua simu ya dharura, akaamuru wafunge. Wakafunga.

Akairudia simu ya kwanza. Ilikuwa bado hewani.

"Mbona saa nane hukunipigia?"

Simu ikakatika.

Kisima kilikuwa kimewahiwa. Kifaa cha kupimia tangini kilinasa kwenye tope kavu, ndiyo maana skrini ilidanganya. Watu wakahesabiwa. Mmoja hayupo. Walimkuta kaka chini ya ngazi ya tangi, fimbo mkononi, mwili umeshapoa. Daktari wa mtamboni alisema alianguka dakika chache kabla ya saa nane na kukata roho kama nusu saa baadaye. Angetafutwa mapema, angepona.

Simu zote za ofisi ile hurekodiwa. Kesho yake bosi akamwita wasikilize ya saa tisa. Ilikuwa na sauti ya mama mdogo peke yake. "Rudia, kaka." Kimya. Halafu swali lake la mwisho, lile ambalo hakujibiwa. Bosi akanyoosha mkono azime.

"Ngoja," mama mdogo akanong'ona.

Kwenye rekodi, jibu lilikuwepo.

"Nilikuwa nangoja unitafute, dada."