Usukani wa Nola

Jirani yangu Merv Hallinan alikuwa fundi wa visima huku kwetu karibu na mji wa Cunnamulla. Alinunua ndege kuukuu ya mbawa mbili ikiwa gofu, wakaitengeneza yeye na mkewe, Nola, ndani ya banda la kunyolea kondoo. Kukagua usukani kunataka watu wawili. Nola alikuwa akiketi kiti cha mbele akiulaza huku na huku, na Merv akisimama nje kutazama vibao vya mbawani vikipanda na kushuka. Walitaniana kutwa.

"Mzee, siku utakayoirusha," Nola alikuwa akimwambia, "nakuchimbia kaburi mapema nikusubiri."

Kaburi likatangulia kuwa lake. Saratani ilimchukua hata magurudumu hayajafungwa.

Merv akaacha kula. Nilikuwa nikimpelekea mchuzi wa kondoo, kesho yake naukuta umeganda palepale. Asubuhi moja ya jua kali nilimkuta amelala chali chini ya ndege, anakaza boliti za miguu ya magurudumu, uso umelowa machozi hata hajifuti. Nikamuuliza siku hizi nani anamsaidia kukagua usukani.

Alitoka chini ya ndege. Alijifuta grisi mikononi, akasimama kwenye ncha ya bawa la kushoto.

"Mama," akasema polepole, kama alivyozoea kumwita Nola, "kushoto."

Kibao kikapanda.

Upepo haukuwepo. Nilisikia waya ukikwaruza ndani ya bawa.

"Kulia."

Kikashuka.

Nilichungulia kiti cha mbele. Kitupu. Usukani ulikuwa umelala upande, umetulia, kama kitu kilichoshikwa.

Nilimnong'oneza Merv tuondoke.

"Niende wapi?" akasema. "Nyumbani hayupo. Yupo hapa."

Alipomaliza magurudumu aliirusha, mchana kweupe. Nilikuwa natengeneza uzio ilipopita juu yangu, chini kabisa, imeinama vibaya. Nilimwona Merv kiti cha nyuma. Kichwa kilikuwa kimelala kifuani. Mikono ilining'inia nje.

Nikajua inaanguka.

Haikuanguka. Mbawa zilinyooka taratibu, ikageuka, ikashuka kuelekea ziwa lililokauka. Niliifuata kwa pikapu.

Niliikuta imetua salama, imesimama kwa magurudumu yake, injini imezimwa. Merv alikuwa amefungwa mkanda, hana pumzi. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, asingeweza kusogeza hata kidole. Nilipomweleza jinsi ndege ilivyogeuka, alifunga mkoba wake.

Jambo moja sikumwambia.

Kutoka ubavuni mwa ndege, juu ya udongo laini, kulikuwa na nyayo za watu wawili waliokwenda bega kwa bega. Mmoja alivaa buti. Mwenzake alikuwa peku. Nilitazama buti za Merv mle kitini. Hazikuwa na hata chembe ya udongo.

Nilizifuata nyayo zile hadi katikati ya ziwa, mahali peupe pasipo na jani wala jiwe.

Hapo zilikoma.