Mama wa Kituo cha Mapumziko

Mtu mzima asiyeitikia shikamoo yako, mkimbie. Bernadetta Rwehumbiza alilijua hilo tangu utoto wake Bukoba, lakini asubuhi ile hakuwa na miguu ya kukimbilia. Alikuwa katikati ya mtihani wa vitendo, mwaka wa nne wa udaktari pale Mwanza. Ukumbi ulikuwa umegawanywa vyumba kwa mapazia, kila chumba na mgonjwa wake na mtahini wake. Kengele ikilia, unahamia kinachofuata. Chumba kimoja tu huachwa kitupu. Wanakiita kituo cha mapumziko: unakaa, unapumua, unangoja kengele.

Siku hiyo hakikuwa kitupu. Alikaa humo mama wa makamo, koti jeupe, viatu vikichuruzika maji sakafuni. Chumba kizima kilinuka tope la ziwani.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Aliitazama tu mikono ya binti inavyotetemeka.

Maana Bernadetta, tuseme ukweli, alikuwa mwoga kupindukia. Kichwani alijua kila kitu. Mbele ya mtahini ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa. Mtihani huu alishaufeli mara moja, na akiufeli tena anafungasha virago. Lakini hofu hiyohiyo ndiyo iliyomfanya, wodini, apime dawa na kuipima tena kabla ya kumchoma mtoto wa mtu.

"Hofu yako nzito," mama alinong'ona. "Lete nikushikie."

Binti aliyelelewa vizuri hamkatalii mtu mzima. "Asante, mama," akasema, kama mtu anayepokelewa begi.

Kengele ililia. Alipoinuka, mikono ilikuwa imetulia tuli. Katika vyumba vilivyobaki alijibu mpaka watahini wakasahau kuandika.

Jioni umeme ulikatika Nyakato, walikopanga chumba yeye na mwanafunzi mwenzake Queen, binti wa Kisukuma asiyejua kunyamaza. Queen alisikia kilio nyuma ya kabati.

"Beti, we ndo unalia?"

"Mimi? Si niko hapa nakula."

Queen aliacha kutafuna, kwa sababu kilio hakikukoma, na sauti ilikuwa ya Bernadetta mwenyewe, ikihema haraka haraka, ikitaja majina ya mishipa ya fahamu na kuyakosea na kuanza upya, huku harufu ya tope ikipanda kutoka chini ya kabati na kuingia mpaka kwenye chakula, na Bernadetta wa kweli ameketi palepale, anachovya chapati kwenye maharage.

"Yesu wangu," Queen alinong'ona. "Umefanya nini leo?"

Bernadetta akamsimulia. Hakuona cha kutisha.

Alikiona wodini, kesho yake. Alikuwa ameshaushika mkono wa mtoto mchanga, sindano tayari, Queen akamdaka.

"Beti! Hiyo ni dozi ya mtu mzima!"

Bernadetta akaitazama sindano. "Ningemuua," akasema, kama anayetaja bei ya nyanya. Akautafuta ule mshtuko ndani yake, akautafuta kila mahali, hakuupata. Hapo ndipo alipoelewa kwamba amefungiwa nje ya nafsi yake.

Mchana walirudi ukumbini. Mapazia yalikuwa bado yananing'inia. Queen alibaki mlangoni, rozari mkononi. Mama alikuwa palepale.

"Nirudishie hofu yangu."

"Chukua iliyo yako," mama akajibu, akafunua pazia la nyuma yake.

Nyuma yake kulikuwa na giza linalolia, sauti za wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile na kukubali kupokelewa mzigo, wavulana na wasichana wa miaka mingi, wakihema, wakisali, wakiita mama zao, sauti juu ya sauti, na pazia tayari limeanza kushuka, na Bernadetta akanyoosha mkono akashika ya karibu, ile iliyotetemeka kama yake.

Alitoka anatetemeka mwili mzima. "Naogopa! Queen, naogopa!" Wakakumbatiana wakilia kwa furaha.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa dada yake tu, Noela. Bernadetta alijitupa chini akajikunyata, mikono kichwani: "Usinipige, baba! Nitafaulu, baba!"

Nywele zilimsisimka Queen. Mzee Rwehumbiza hakuwahi kumgusa mtoto hata kwa kibao, na alikuwa amefariki Bernadetta akiwa shule ya msingi.

"Beti," akasema polepole, "hiyo si yako."

Wakakimbilia ndani. Wahudumu walikuwa wameshateremsha mapazia na kuvipanga viti juu ya viti. Harufu ya tope ilikuwa imekwisha.

Siku hizi simu ikilia, Bernadetta anaingia chini ya meza. Akishika sindano, mkono hautikisiki. Jana alivuta dawa ya mtoto, akasita, akampa mwenzake.

"Queen, niogopee."

Queen alisogea dirishani akapima, akapima tena. "Iko sawa," akasema. "Lakini tukihitimu je? Mimi nikipangiwa Sengerema, na wewe Bukoba?"

Bernadetta alitamani swali hilo limtishe. Halikumtisha hata kidogo.