Pazia la Mama Suad

Kila Jumamosi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya Bombolulu, Dhahabu alifagia mabaki ya nyuzi, akatia cherehani mafuta, kisha akamletea mama yake chai ya tangawizi. Baada ya hapo aliketi mlangoni kungoja aambiwe aende nyumba gani. Mama yake, Bi Selpher, alikuwa fundi wa mapazia. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni, na kiti chake cha magurudumu hakikuweza kupita kila mlango wala kila ujia. Kwa hivyo Dhahabu ndiye aliyeingia vyumbani mwa watu na tepu, akapanda stuli, akapima, na kazi ikiisha akarudi kuyatundika mapazia. Wateja wengine walimwita fundi mdogo, naye hakulikataa jina hilo hata kidogo.

"Dhahabu."

"Abee, mama."

"Leo utakwenda kwa kina Suad."

Dhahabu aliiweka chini chai yake. Suad alikuwa rafiki yake tangu siku ya kwanza shuleni. Baba yake Suad, Bwana Hadi, yule muuza duka aliyezoea kuwapa ubuyu na kujifanya hakuwaona, alikuwa amefariki mwanzo wa likizo ya Desemba. Bi Selpher alikwenda matangani akaketi barazani na wanawake wenzake. Dhahabu alibaki nyumbani. Alisema kichwa kinamuuma, lakini kichwa kilikuwa kizima. Hakujua tu mtu aliyefiwa na babake anaambiwa nini.

"Mama Suad amekaa eda," mama yake akaendelea. "Miezi minne na siku kumi hatoki nje. Na dirisha la chumba chake latazama njia, pale vijana wa bodaboda wanapoegesha. Ataka pazia zito, afungue dirisha apate upepo bila kutazamwa na wapita njia. Kitanda kiko chini ya dirisha. Basi pima kuanzia bomba la pazia, kule juu, ushuke hadi kwenye godoro. Usipime dirisha. Wanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Na Suad umpe pole."

Nyumba ya kina Suad haikuwa mbali. Viatu vya wageni vilijaa mlangoni, na ndani sauti ya mwanamke ilikuwa ikisoma Kurani polepole. Dhahabu alifungua mdomo apige hodi, hodi isitoke. Alimfikiria Suad akija mbio, macho mekundu, naye amesimama na tepu mkononi asiye na neno la kumwambia. Akageuka, akazunguka ukuta hadi upande wa njia.

Dirisha lilikuwa wazi, na pazia la zamani, jepesi, lilicheza kwa upepo. Dhahabu aliupitisha mkono katikati ya vyuma vya dirisha, akalipima dirisha kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini, akaongeza kidogo kwa kukisia. Hakutazama ndani. Alipomaliza aliondoka upesi, na hata kijana wa bodaboda alipomuuliza anakimbia nini hakumjibu.

"Umepima bomba?" mama yake alimuuliza.

"Nimepima."

"Na Suad yuaje?"

"Hajambo. Nimempa pole." Uongo wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Bi Selpher aliinama juu ya kile kitambaa kizito cha buluu alicholetewa, akakichora kwa chaki, akakikata. Aliweka kando kazi za watu wengine wote ili pazia la mjane lishonwe kwanza. Marinda aliyapanga moja moja, upindo akaushona kwa mkono ili uzi usionekane. Lilipokamilika, Dhahabu hakuingia kulitundika. Alimkabidhi Bi Raihana, shangazi yake Suad, pale pale mlangoni, akamwamkia shikamoo na kusema anaitwa nyumbani.

Siku chache baadaye Bi Selpher alipiga simu kuuliza hali. Mikono yake ilikuwa kazini, kwa hivyo aliiweka simu kwa sauti kubwa, na Dhahabu akasikia kila kitu.

"Pazia zuri, mashallah," alisema Bi Raihana. "Ahsante sana, Mama Dhahabu."

"Limeenea vyema?"

"Limepungua, dada yangu, lakini usijali. Tumebandika leso ya kujitanda kule chini. Upepo ukija leso yapeperuka, basi Mama Suad ameona bora afunge dirisha. Jana joto lilimzidi, presha ikapanda, lakini sasa ameamka. Wallahi hatukutaka kukusumbua."

Simu ilipokatika, Bi Selpher aliomba aletewe mabaki ya kile kitambaa. Aliyageuzageuza, akijaribu kukumbuka alikatia wapi; kipimo cha Dhahabu hakukishuku hata kidogo. Kisha akavua miwani yake na kujifuta uso.

"Nimemharibia mjane pazia lake," alisema. "Jioni siku hizi naona uzi mmoja kama miwili. Nikadhani ni uchovu. Kumbe macho yamekwisha. Yule mteja wa Kiembeni anayengoja mapazia yake nitamwambia atafute fundi mwingine, nisije nikawatia watu hasara."

Machozi yalimlenga. Dhahabu hakuwa amewahi kumwona mama yake akiogopa makasi yake mwenyewe. Aliona haya. Akaketi sakafuni karibu na gurudumu la kiti.

"Mama, macho yako hayana kosa. Mimi sikuingia ndani. Nilipima dirisha kutoka nje. Na Suad sijampa pole. Sijamwona kabisa."

Bi Selpher alivaa tena miwani yake, akamtazama binti yake.

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Sikujua nitamwambia nini."

"Mimi siwezi kuingia katika vyumba vile," mama yake alisema polepole. "Ukiniambia bomba liko hapa, naamini liko hapo, nakata. Sina njia nyingine. Ungeniambia umeogopa, ningekuelewa. Lakini umeniacha nikijilaumu mimi, na mjane akifungiwa na joto." Akakusanya makasi, sindano na mabaki ya kitambaa, akaviweka mapajani. "Nisukume. Twende."

Walipofika, wanawake wawili walikiinua kiti wakakipitisha kizingiti hadi sebuleni. Mama Suad alitoka chumbani, amevaa nguo nyeupe, uso umekonda. Dhahabu alimshika mkono akaubusu, akamweleza yote bila kuficha. Mama Suad alisikiliza hadi mwisho.

"Haya. Pazia liko chumbani, mwanangu," alisema. "Na Suad yuko huko huko."

Chumba kilikuwa cha giza na joto la kuchosha. Suad alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda. Hakuinuka. Dhahabu alipanda stuli, akashika tepu juu ya bomba, na tepu ikaning'inia, haina wa kuishika chini. Baada ya kitambo Suad aliikamata, akaikaza juu ya godoro. Pazia lilikuwa limepungua kiasi cha mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

"Siku ile nilikuwa hapa hapa," Suad alisema, macho yake yakiwa kwenye tepu. "Niliuona mkono wako ukipita kwenye vyuma. Nikamwambia mama, Dhahabu huyo, sasa hivi ataingia. Nikatandika kitanda. Nikatoka hadi mlangoni kukungoja."

Dhahabu alishuka kwenye stuli.

Walilitungua pazia wakalipeleka sebuleni. Bi Selpher aliunganisha mabaki vipande kwa vipande, akavishona chini ya pazia kwa sindano. Kitambaa kilikuwa kichache, kwa hivyo maungio yalionekana, naye hakujaribu kuyaficha. Dhahabu alilitundika tena. Safari hii lilishuka likalala juu ya godoro. Mama Suad alifungua dirisha, na upepo ukaingia pamoja na kelele za bodaboda. Alisimama akisikiliza. Bwana Hadi alikuwa akirudi nyumbani kwa bodaboda saa kama hiyo, na pikipiki moja ilipozimwa pale nje, mjane alifumba macho.

Kisha akamgeukia Dhahabu. "Njoo hapa, mwanangu. Siku ile Suad alirudi kutoka mlangoni akaniambia huna nafasi, una kazi nyingi ya kumsaidia mamako. Alikutetea. Sikiza. Sisi tuliofiwa hatungojei maneno mazuri. Watu wamekuja hapa na maneno mengi, na mengine siyakumbuki tena. Lakini nawakumbuka wote waliokuja. Ukiogopa, njoo na hofu yako hivyo hivyo. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalipa kwa kosa lako. Wewe ulimkimbia mwanangu kwa dakika moja, ukalazimika kudanganya siku zote hizi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Huyu muulize mwenyewe."

Suad alikuwa amerudi pembeni mwa kitanda, chini ya pazia. Dhahabu alimwendea akasimama mbele yake. Lile neno alilolikimbia likizo nzima lilikuwa dogo kuliko alivyodhani.

"Pole, Suad."

Mtu akipewa pole hujibu kwamba ameshapoa. Suad hakujibu hivyo, kwa kuwa hakuwa amepoa bado. Alisogea tu kidogo, akamwachia nafasi, na Dhahabu akaketi.