Waya Aliouchomoa Kidole

Kila Jumapili mchana Kidole alipiga pasi sare za nyumba nzima. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, kwa kuwa hakuna kitufe alichokiona asikibonyeze. Jumapili hii alichomoa waya wa kompyuta kuukuu ya sebuleni, akachomeka pasi, akamaliza kazi na kurudisha waya mahali pake.

Jioni kaka alimalizia ripoti yake ya sayansi kwenye kompyuta hiyo. Kisha akaenda kuisoma chumbani kwenye kompyuta yake ndogo, maana mashine hizo ziliunganishwa na mtandao wa nyumbani, na kazi ya huku ilionekana na kule. Mara ukasikika ukelele.

"Kidole! Umefuta ripoti yangu! Imebaki nusu, na kesho naiwasilisha darasani!"

"Mimi? Sijaigusa!"

"Nani basi? Paka?"

Mama alitoka jikoni, mikono imejaa povu. "Mwanangu, kama umebonyeza kitu, sema."

Kidole aliutupia jicho waya wa kompyuta. Akitaja waya, atakuwa amejitia kitanzi mwenyewe. Lakini waya aliugusa kweli.

"Nilichomoa waya wa kompyuta nipige pasi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ilikuwa imezimwa. Ripoti sikuigusa."

"Si mnaona!" kaka aling'aka.

"Hebu tulia," alisema shangazi yao, fundi wa kompyuta, aliyekuwa amekuja kuwasalimu. Aliwasha kompyuta ya sebuleni, akatazama pembeni mwa kioo, akaangua kicheko. "Njooni muone. Kompyuta hii inadhani Kidole bado hajazaliwa!"

Kweli, saa yake ilikuwa nyuma miaka kumi na mitano. Shangazi alieleza kwamba ndani mna betri ndogo kama sarafu, inayotunza saa umeme usipokuwepo. Betri ilikuwa imekufa. Waya ulipochomolewa, saa ikapotea, na ripoti mpya ikahifadhiwa kwa tarehe ya zamani. Mashine hizo hubakiza kazi yenye tarehe ya karibuni, kwa hiyo ile nusu aliyoiandika kaka jana chumbani ikaonekana ndiyo mpya.

Shangazi alifungua kapu la takataka la kompyuta, inakotupwa kazi iliyofutwa. Ripoti ilikuwemo, nzima.

Kaka alishusha pumzi, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikurukia bure."

"Jumapili ijayo pasi ni yako," Kidole alijibu, akicheka huku akifuta machozi. Moyo wake ulikuwa mweupe.

"Ungeficha habari ya waya, ningekuwa bado napapasa gizani," shangazi alimwambia. "Umesema kweli hata ulipojua itakuponza, na ndiyo iliyotuokoa. Na wewe, kaka mtu, kagua kwanza ndipo ulaumu. Kesho nitaleta betri. Kwa sasa tuiambie kompyuta ichukue saa kwenye intaneti kila inapowaka. Haya Kidole, kitufe ni hicho."

Kidole alimtazama kaka yake. Kaka akatikisa kichwa kukubali.

Akabonyeza, na saa ikaruka miaka yote ile ikatua leo.